Kitufe Kisicho na Jina

Programu ni ya bure, ila si bure ya sokoni Mlandege,
nunua fungu nikuongeze nyanya iliyobonyea.
Ni bure ya moto: unakwenda kwa jirani na kigae,
unapewa kaa moja, unarudi umelikinga upepo kwa kiganja,
na jiko ulikotoka halijui kama limepungukiwa.

Mimi kaa langu nililipata kwa Obadia Chengula wa Makete,
mpiga kinanda wa usharika,
kwenye flashi iliyofungwa uzi wa sweta isipotee.
Kompyuta yangu ilistaafu ofisi ya kata,
imeng'oka herufi H.
Wenzangu walicheka wiki nzima:
Mhehe asiye na H, utaandikaje kwenu?

Chumba kimoja, mablanketi mawili ya kijivu ukutani,
trei za mayai juu ya mlango.
Mvua ikigonga bati tunasubiri.
Nasema tunasubiri, ingawa niko peke yangu:
Anyosisye yuko Tukuyu, ngoma yake imefika na mvua ya kwao ndani yake
(ya kule haisubiriwi, ungesubiri hadi Juni);
Sikitu yuko Ilula, anaimba akiwa amejifunika shuka
ili jogoo wa shemeji asiingie kwenye ubeti.
Hatujawahi kukaa chumba kimoja.
Nyimbo zetu zimekaa.

Kisha tukasema, mbona vitufe vyote vinaongea kigeni?
Tukaanza kuvibatiza, usiku, bando likiwa rahisi.
Cha kurudisha kosa nyuma: Tengua.
Cha kumziba mtu mdomo bila kumkosea heshima: Nyamazisha.
Ule muda mwembamba kati ya kidole na sikio,
unapopiga uzi na sauti inakuja kama mtu aliyesimama njiani kusalimia,
Anyosisye akauita ukawio,
nasi tukanyamaza kidogo, kwa wivu.

Tukafika kwenye kipande kinachojirudia,
kinachoishia pale kilipoanzia na kuanza tena.
Obadia akaandika: Kitanzi.
Neno fupi. Linaenea kwenye kitufe. Kamusi haina neno.

Mimi naishi Kitanzini.

Bibi yangu hakuutaja mtaa huu kwa jina,
alisema "kule chini", akabadilisha kanga begani.
Husimuliwa kwamba enzi za Mjerumani kamba ilining'inia hapa.
Kitanzi chako, Obadia, humrudisha mpigaji mwanzo.
Cha kwetu hakikumrudisha mtu.

Siku tatu tulibishana.
Sikitu alitaka Mzunguko, tukasema huo ni wa umeme.
Marudio, tukasema hayo ni ya mtihani ulioufeli.
Obadia alikasirika: neno limekosa nini?
Hata mbuzi wangu nimemfunga kitanzi, anakula majani, ananenepa!
Sikuwa na jibu. Mbuzi wa watu alikuwa na hoja.

Usiku wa nne nilishusha ligombo nililouziwa na mjane wa Kalenga,
nikasogeza kipaza sauti hadi kikagusa mbao.
Ligombo lina uzi mmoja tu.
Unakwenda, unapinda kwenye pengo la ubao, unarudi,
unakwenda, unapinda, unarudi,
na sisi tunahesabu nyuzi sita.
Pale unapopinda, tuuiteje mpindo ule?
Nilijua. Sikuandika.

Nilirekodi mapigo manane, nikayaweka yajirudie,
nikawatumia bila neno lolote.
Sikitu akaimba juu yake kabla hakujakucha,
jogoo ndani, safari hii akamwacha.

Mpaka leo kitufe kile hakina jina.
Kina mshale uliojipinda ukitafuta mkia wake.
Juzi kijana wa Njombe, mgeni kwetu, akauliza
hiki mmesahau kukitafsiri?
Nikamwambia bonyeza.

Likaanza ligombo, likaisha,
likarudi,
kama mtu aliyetoka mara moja tu kufuata chumvi.